Kamio ya koperative: namna ya kuwasha moteri, kuipasha moto na kuilinda



Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, mboleo na magonjwa ya mimea. Mara hii tunawaandikia juu ya kamio. Pengine mutauliza: waagronome wanatafuta nini chini ya kapo? Tukitembelea koperative za milima ya Lubero tumeona, na si mara moja, viazi vilivyopandwa vizuri, vikapuliziwa dawa kwa wakati wake, vikapona mildiu, kiisha vikaoza ndani ya mifuko pembeni ya barabara sababu kamio ilikataa kuwaka. Jasho la miezi mitatu ao mine linaisha kwa siku mbili za mvua. Na kwa koperative iliyojinunulia kamio yake yenyewe, moteri ikikufa hatupotezi viazi peke yake. Zile sehemu ambazo kila memba alilipa, wengine kwa kuuza mbuzi, zinageuka chuma cha kutu nyuma ya depo.

Moteri ya mazutu si kitu cha kuvunjika bule. Ikitunzwa, inatembea miaka mingi. Lakini mafundi wa garaji za Butembo na Beni wanatuambia jambo moja wote: moteri mingi wanazofungua hazikuuawa na uzee. Ziliuawa na mazoea. Namna ya kuiwasha asubuhi, namna ya kuizima jioni, vumbi, maji, mazutu chafu. Hayo yote yako mikononi mwetu.

Juu ya nini inasumbua asubuhi?

Moteri ya esanse iko na bujie inayotoa cheche, na cheche njo inawasha moto. Moteri ya mazutu haina cheche. Pistoni inafinya hewa kwa nguvu mpaka inabaki sehemu moja tu juu ya kumi na sita, kumi na nane, hata ishirini ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa ikifinywa hivyo inakuwa ya moto kupita digri 500, na mazutu ikinyunyizwa ndani inawaka yenyewe. Kila mutu aliyepompa kinga anaelewa: ukipompa sana, pompi inakuwa moto mukononi. Ni jambo lilelile.

Sasa fikirini saa kumi na moja ya asubuhi kule Masereka ao Kipese, mwezi wa saba, baridi iko karibu ya digri 10. Chuma cha moteri ni baridi na kinakula lile joto ambalo pistoni inatafuta kutengeneza. Bateri imepoteza sehemu ya nguvu yake, na demareri inazunguka kwa uvivu. Ikizunguka polepole, hewa inatoroka pembeni ya pistoni na joto halifiki. Mafuta ya moteri nayo yamekuwa mazito. Wamama wa huko juu wanajua namna mawese yanaganda ndani ya chupa asubuhi, mpaka wanaweka chupa karibu na moto. Mafuta ya moteri hayagandi hivyo, lakini yanaelekea kulekule: yanatembea polepole, na sehemu za juu za moteri zinabaki kavu kwa segonde za kwanza. Ni katika hizo segonde ndiyo chuma kinakula chuma.

Kuna tena jambo la urefu wa milima. Kwenye metre 2,000 hewa ni nyepesi, inapunguka karibu sehemu moja juu ya tano tukilinganisha na pembeni ya bahari. Kwa hiyo mazutu inawaka kwa shida zaidi, na kamio isiyo na turbo inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu ikipanda, hata kama haina ugonjwa. Shofere aliyezoea bonde la Rwindi ao njia ya Beni, akifika Lubero, anafikiri pompi imeharibika. Mara mingi haijaharibika. Anapashwa kushusha vitesi mapema na kuacha kukanyaga mpaka chini. Moshi mweusi ni mazutu ambayo haikupata hewa ya kutosha. Kukanyaga zaidi ni kumwanga franga barabarani.

Mbele ya kugeuza funguo

Shofere mzuri anaanza kazi yake na macho. Anaangalia chini ya kamio kama kuna alama ya mafuta, maji ao mazutu kwenye udongo. Kama kamio inalala kila siku pahali pamoja, na pahali hapo panafagiliwa, tone moja tu linaonekana. Ndiyo maana tunapenda kuona pahali pa kamio pasafi kama mbele ya nyumba.

Kiisha anapima mafuta kwa jauji. Kamio isimame pa usawa, moteri iwe baridi. Vuta jauji, ipanguse na kitambaa safi, irudishe, ivute tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu ni vibaya sawa na kukosa. Na musiangalie kipimo tu, muangalie rangi na harufu. Mafuta meusi si hatari, moteri ya mazutu inafanya mafuta meusi hata siku chache nyuma ya vidanji. Yakiwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, maji yameingia, na kamio haipashwe kuondoka. Yakipanda yenyewe bila mutu kuongeza, na yakinuka mazutu, kuna mahali mazutu inashuka ndani ya karteri. Mafuta ya namna hiyo ni mepesi na hayalindi tena chuma. Wengine wanafurahi: «Kamio yetu haikule mafuta, inazaa mafuta!» Hiyo si furaha. Muite fundi siku ileile.

Maji ya radiateri yanaangaliwa wakati huohuo, moteri ikiwa baridi. Na ule mukanda unaozungusha pompi ya maji na ventilateri: ukiufinya kwa kidole gumba unapashwa kurudi nyuma kidogo, karibu unene wa kidole, si zaidi sana. Ukiwa na nyufa, kununua mwingine kunakuja mbele ya kununua hata kipaza sauti cha kanisa. (Tunasema hivyo sababu tumeona.)

Yote hayo yanachukua dakika tano. Konvoyeri anaweza kujifunza kuyafanya pamoja na shofere, na inafaa ajifunze, sababu siku moja shofere ni yeye.

Kuwasha

Toa vitesi, kanyaga ambrayaji mpaka chini kusudi demareri isizungushe bule boite ya vitesi pamoja na mafuta yake mazito. Zima taa na radio, bateri iwe na kazi moja tu. Geuza funguo nusu. Kama moteri iko na bujie za kupasha moto, taa yake ndogo itawaka. Ngoja mpaka izimike. Asubuhi ya baridi sana, funga na urudie mara ya pili mbele ya kuwasha. Mashofere wengi hawangojei hiyo taa, kiisha wanazungusha demareri mpaka bateri inakufa, kiisha wanaita vijana kusukuma.

Demareri isizunguke zaidi ya segonde 10 ao 15. Ikikataa, acha ipumzike dakika moja ao mbili, jaribu tena. Ikikataa mara tatu ao ine, acha kujaribu, tafuta sababu: bateri, vichwa vya bateri vyenye unga mweupe, bujie zilizokufa, hewa iliyoingia ndani ya mifereji ya mazutu, filtri iliyoziba. Demareri inayozungushwa bila kupumzika inaungua, na bei yake munaijua.

Kuhusu kusukuma kwenye muteremuko: tunaelewa kuwa mara zingine hakuna njia ingine. Lakini koperative ambayo kila asubuhi inaegesha kamio juu ya kilima kusudi iwake kwa kuteremuka, hiyo haina kamio, iko na deni linalotembea. Kamio yenye freni ya upepo ikiteremuka na moteri imezimika, upepo ukiwa umetoka usiku, haina kitu cha kuisimamisha. Na watoto wanapenda kukimbia mbele yake. Feza ya bateri mpya itafutwe.

Mambo mawili hatuyakubali hata kidogo. La kwanza ni kuwasha moto wa makala chini ya karteri. Moto wa pahali pamoja unaunguza mafuta, na mufereji mumoja wa mazutu ukitoa tone, kamio na depo vinaenda pamoja. La pili ni kuweka kitambaa chenye esanse kwenye mudomo wa filtri ya hewa, ao kupuliza dawa ya kuwasha haraka. Kwenye moteri yenye bujie za moto, hiyo esanse inalipuka mbele ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Tutasikia «pang» moja, wote watashangilia kwamba imewaka, na nyuma ya mwezi fundi ataonyesha segima zilizovunjika.

Njia nzuri ni za polepole: kamio ilale chini ya paa ao karibu na ukuta unaozuia upepo, kapo ifunikwe na shiti nzito usiku (iondolewe asubuhi mbele ya kuwasha), bateri iwe nzima, na mafuta yawe yale yanayofaa baridi ya asubuhi. Ndani ya soko kuna mafuta ya futi yanayoandikwa tu SAE 40, na kuna yanayoandikwa 15W-40. Namba yenye W inaonyesha namna mafuta yanatembea wakati wa baridi, namba ya nyuma inaonyesha namna yanashika wakati wa moto. SAE 40 peke yake ni mazito asubuhi. Kwa milima yetu 15W-40 inafaa asubuhi na inafaa pia mchana katika joto la bonde. Lakini muangalie kwanza kitabu cha kamio kama kipo, ao muulize fundi anayeijua aina hiyo.

Dakika za kwanza

Moteri imewaka. Sasa angalieni ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha mafuta. Inapashwa kuzimika ndani ya segonde chache. Isipozimika, zima moteri papo hapo, hata kama mifuko 60 iko juu na mwenye duka anapiga simu. Moteri bila mafuta inaishi dakika, si masaa.

Kosa kubwa tunalosikia kila asubuhi, hata tukiwa ndani ya nyumba, ni shofere anayewasha na kukanyaga mara moja: vuuum, vuuum! Anaamini anapasha moto. Kwa kweli anazungusha chuma kikavu kwa mbio, mbele mafuta hayajafika juu. Turbo inaumia kwanza. Ile gurudumu ndogo ya turbo inaweza kuzunguka kupita mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya mafuta membamba sawa karatasi. Ikizunguka kavu, inajila yenyewe.

Lakini kosa la upande wa pili liko vilevile. Kuna mashofere wanaowasha, wanaenda kunywa chai, wanarudi nyuma ya nusu saa. Moteri ya mazutu isiyobeba kazi haipati moto vizuri. Sehemu ya mazutu haiungui, inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, inashuka ndani ya karteri, inaweka masizi kwenye enjekteri. Na moteri ya kamio inaweza kula litre moja mpaka mbili kwa saa nzima ikiwa imesimama tu. Hesabuni siku za mwaka.

Kwa baridi ya kwetu, dakika tatu mpaka tano zinatosha. Iache izunguke polepole, mguu usiguse kitu. Kamio yenye freni ya upepo inasaidia hapa: mushale wa upepo ukifika pahali pake, na taa ya freni ikizimika, wakati umetosha, na mbele ya hapo hauruhusiwe kutembea hata kidogo. Kiisha ondoka kwa utaratibu. Moteri inapata moto vizuri ikiwa inafanya kazi nyepesi, si ikiwa imesimama. Kilometre za kwanza tano mpaka kumi, usivute mpaka mwisho wa nguvu, mpaka mushale wa joto utoke chini.

Hapa tunafika kwenye jambo la kwetu la pekee. Depo mingi zimejengwa chini ya kilima, karibu na muto, na barabara inaanza kupanda kwenye metre ya mia mbili. Kamio iliyopakiwa tani sita inapewa mulima ikiwa bado baridi. Koperative moja tunayoifuata ilipata dawa bila kulipa kitu: kamio inalala juu, karibu na soko dogo, na asubuhi inashuka tupu mpaka depo, inapakiwa, inapanda. Wakati wa kupanda, imekwisha kupata moto. Wengine wanaweza kugawanya kupakia: nusu chini, nusu ingine kwenye kituo cha juu.

Kupanda, kushuka, kuzima

Ukipanda na muzigo, macho yaende kwenye mushale wa joto kila mara. Ukianza kupanda kupita kawaida, shusha vitesi, punguza kukanyaga. Moteri ikizunguka kidogo zaidi kwa vitesi ya chini, pompi ya maji na ventilateri zinafanya kazi zaidi. Ukiendelea kupanda, simama. Usizime papo hapo kama maji bado yamo. Acha izunguke polepole ipoe. Kama maji yametoka yote, zima. Usifungue bushoni, usimwange maji ya baridi juu ya chuma cha moto. Tumeona mutu aliyeunguzwa uso na kifua na maji ya radiateri, na tumeona kulasi iliyopasuka kwa ndoo moja ya maji ya muto. Ngojeni nusu saa, muongee, mule ndizi. Kiisha maji yaingie kidogo kidogo, moteri ikizunguka.

Kushuka nako kuna ugonjwa wake. Kuzima moteri kwenye muteremuko wa Kabasha kusudi kuchunga mazutu ni kucheza na watu wanaokaa juu ya mifuko. Kompreseri haipompi tena upepo wa freni, usukani unakuwa muzito, pompi ya mafuta inasimama. Na hakuna faida: moteri nyingi zikisukumwa na magurudumu, ukiwa umetoa mguu kwenye akselerateri, zinakata mazutu zenyewe ao zinakunywa kidogo sana. Shuka na vitesi ileile ungeipandia.

Jioni, nyuma ya kupanda kwa nguvu, moteri yenye turbo isizimwe mbio. Turbo ni ya moto sana na bado inazunguka. Ukizima, mafuta yanasimama ndani yake, yanaungua, yanageuka makaa madogo. Dakika tatu za kuzunguka polepole zinatosha. Shofere atumie hizo dakika kuandika kilometre ndani ya kitabu.

Maji, bushoni na kalorstati

Kila mama anajua kuwa maharagi yanachelewa kuiva Masereka kuliko Beni. Sababu yake: kule juu maji yanachemuka kwenye digri 93 hivi, hayafiki 100. Moteri nayo inapenda kufanya kazi kati ya digri 80 na 95. Munaona hatari? Bila kufungwa vizuri, maji ya radiateri yangechemuka katika kazi ya kawaida. Bushoni ya radiateri si kifuniko cha chungu. Iko na ressort ndani inayofinya maji, na maji yaliyofinywa yanachemuka kwa joto la juu zaidi, karibu digri 20 zaidi kwa bushoni nzima. Tumekutana na kamio ambayo bushoni yake ilikuwa kipande cha muti kilichofungwa na mupira. Komite ililalamika kwamba «moteri inachemuka bule». Haikuchemuka bule.

Kiisha kuna kalorstati, ile inayofunga njia ya maji mpaka moteri ipate moto. Mafundi wengi wa barabarani wanaitoa na kuitupa: «Toa hii, haitachemuka tena.» Ni kweli kwamba kamio inaweza kukaa siku mingi bila kuchemuka. Lakini moteri isiyo na kalorstati haifiki joto lake, hasa huku kwetu kwenye baridi. Inakula mazutu zaidi, mafuta yanachafuka haraka, silinda zinalika. Ugonjwa wa kuchemuka uko pahali pengine: radiateri iliyozibwa na potopoto ao na chokaa, mukanda unaoteleza, pompi ya maji. Kutoa kalorstati ni sawa kutoa dirisha sababu mvua inaingia kwenye paa. Ikiwa imekufa, inunuliwe ingine. Si piesi ya bei kubwa.

Na maji yenyewe: maji ya mvua yaliyochujwa ni mazuri kuliko maji ya chemchem yenye chokaa. Maji ya rangi ya duka, yale ya kuzuia kutu, ni mazuri zaidi ikiwa munaweza.

Mazutu na vumbi

Mujerumani Rudolf Diesel alifikisha moteri yake kufanya kazi vizuri mwaka wa 1897. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris, mwaka wa 1900, moteri moja ya namna yake ilizungushwa na mafuta ya karanga. Na mwaka wa 1938, kule Ubelgiji, basi moja kati ya Brussels na Leuven ilitembea na mafuta ya mawese ya Kongo. Tunataja hayo sababu wamemba wanatuuliza kama wanaweza kuchanganya mawese na mazutu. Hapana. Yale mawese ya basi yalipitishwa kwanza kwenye kazi ya shimia iliyoyafanya mepesi. Mawese ya bidoni yanaganda kwenye filtri na yanaacha gundi kwenye enjekteri.

Hatari ya kila siku ni maji na muchanga ndani ya mazutu. Mukinunua kwa wale wauzaji wa barabarani tunaowaita kadafi, ao hata kwenye stasio, muweke mazutu ndani ya futi la koperative, litulie siku nzima mbele ya kutumia. Maji na uchafu vinashuka chini. Mupompe kutoka juu, bomba lisiguse chini ya futi, na mupitishe kwenye kitambaa kizito. Rezervwari ya kamio ijazwe jioni, si asubuhi: rezervwari nusu tupu inalala na hewa, na usiku hewa hiyo inatoa jasho ambalo ni maji. Chini ya filtri ya mazutu mara mingi kuna kibombo kidogo. Konvoyeri akifungue kila asubuhi mpaka maji yaishe na mazutu safi itoke.

Juu ya vumbi, tutaeleza kisa kimoja bila kutaja koperative. Kamio yao ilianza kula mafuta na kutoa moshi wa buluu, miaka miwili tu nyuma ya kuinunua. Komite ilikusanyika kufukuza shofere, sababu alishtakiwa kuuza mafuta usiku. Moteri ikafunguliwa. Silinda zilikuwa zimelika sawa na kitu kilichosuguliwa na muchanga, na ni hivyo kabisa: ule mupira unaotoka kwenye filtri ya hewa kuelekea moteri ulikuwa na mupasuko, umefungwa na kauchu. Filtri ilikuwa mpya. Vumbi la mwezi wa saba lilipita nyuma yake. Ndani ya kitabu cha kamio tulisoma maandishi ya shofere yuleyule: aliomba mupira huo mara tatu, na mara tatu mukono wa jeran uliandika «tutaona». Shofere hakufukuzwa. Lakini moteri ilikuwa imekwenda, na msimu mzima wa mashu na pwaro ulisafiri kwa kamio za kukodi.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: shofere peke yake hawezi kulinda moteri. Komite inayompigia simu saa kumi usiku, «ondoka mbio, soko inafunguliwa», ndiyo inayomfanya akanyage moteri ya baridi. Komite inayosema «tutaona» ndiyo inayoingiza vumbi. Na sisi wamemba tunaoongeza mufuko mumoja, na mufuko mumoja tena, na mama mukwe juu yake, tuko hapo pia.

Fanyeni hesabu kwa bei za kwenu. Hii ni mufano tu: tuseme moteri inachukua litre 12 za mafuta kwa dola 5, na filtri ni dola 15. Vidanji moja ni dola 75. Kama mufuko wa viazi unaleta dola 25, vidanji ni mifuko mitatu juu ya kamio ya mifuko 60. Sasa tuseme kutengeneza moteri upya ni dola 3,000. Hiyo ni mifuko 120, safari mbili nzima ambazo memba hapati hata franga moja. Wekeni pembeni mufuko mumoja kwa kila safari, uandikwe kwa jina la kamio, wala usiguswe kwa sherehe ao kwa kupokea wageni, na sisi wa shirika tukiwemo.

Kati ya misimu, kamio ikikaa bila kazi, msiiwashe dakika mbili kila siku kama wengine wanavyofanya. Hiyo inajaza maji na mazutu ndani ya mafuta. Iwasheni mara moja kila wiki mbili na itembee kilometre kumi na tano ao ishirini mpaka ipate moto kweli. Rezervwari ijae, bateri ifunguliwe mushipi mumoja, na mudomo wa filtri ya hewa uangaliwe mbele ya kuwasha: panya wanapenda kuzaa humo.

Tumetengeneza karatasi moja ya kubandika ndani ya kabine, yenye mambo ya kuangalia asubuhi na jioni, kwa Kiswahili na Kinande. Koperative inayoitaka iiombe kwa animateri wa eneo lake, na imuonyeshe kitabu cha kamio. Zile ambazo bado hazina kitabu zitapewa kimoja siku hiyohiyo.